Dawati Lenye Jina Lako

Mwanangu Zaina,

"Wazazi wa pwani hawaitaki elimu. Serikali imewafungulia mlango, nao wamekaa kibarazani wanautazama."

Ndivyo alivyosema bwana mkaguzi wa shule siku ya matokeo ya darasa la nne, yeye kivulini na sisi juani. Ulikuwa nyuma yangu umelishika buibui langu, ukadhani nataka kulia. Nilikuwa nataka kusema. Nikamwuliza, "Bwana, huo mlango mliotufungulia, watoto wa kike wanapita upande gani?" Watu wakacheka. Yeye akamgeukia karani wake amfasirie, ingawa Kiswahili anakijua vizuri na muda mfupi kabla alikuwa akitukaripia kwacho.

Uongo wake hauhitaji kitabu kuukanusha. Darasa lenu la wasichana lilikuwa nusu ya chumba, limekatwa na pazia la magunia, na wavulana upande wa pili wakiimba hesabu mpaka mwalimu wenu hasikiki. Siku ya kuandikisha tulikuwa akina mama tumejaa hadi barabarani, na waliopata nafasi wakatosha mikeka miwili. Mtu akikufungulia mlango wa kupita mmoja mmoja, akaufunga kabla nusu ya watu hawajapita, kisha akawageukia waliobaki nje akasema hao hawataki kuingia, basi huyo ama hajui hesabu ama anakudhihaki.

Hayo nimeshayaandika gazetini. Nilitia sahihi M. Kombo, na mhariri akanishukuru kwa heshima zote, "Bwana Kombo". Nikamwacha na bwana wake.

Lakini wewe sikuandikii habari za mkaguzi. Nakuandikia kwa sababu tangu Ijumaa husemi nami. Nikikuita unaitika "Labeka mama", unafanya nililokutuma, unaondoka. Sasa hivi uko kwa Bi Mwanahamisi unasukwa nywele za safari, na kicheko chako nakisikia mpaka huku uani. Humu ndani hujacheka. Kesho asubuhi utapanda gari la moshi na Mwalimu Hosea na mkewe, na sitaki kukueleza haya stesheni, mbele ya wapagazi na wauza machungwa, nikalia nikakuaibisha. Nitaitia barua hii posta ukishaondoka, ikufuate shuleni huko milimani.

Mambo ya sabuni, blanketi na dawa ya kikohozi yamo sandukuni na unayajua. Nitakuambia kwa nini Ijumaa nilinyamaza.

Ami yako Bakari alikuja baada ya sala, akaketi, akanywa kahawa, akasifu kashata. Mimi nilishajua amekuja kwa lipi, maana kashata zangu hajawahi kuzisifu.

"Shemeji," akasema, "mtoto ameshavunja ungo. Kwetu mwari haonekani njiani, sembuse kupelekwa mlimani kwa mapadri."

"Ameshinda mtihani, shemeji."

"Ameshinda, hongera yake. Na yule mwenye duka wa Horohoro ameleta salamu tena. Yeye hana haja na mtihani."

"Ndiyo maana ananitisha."

Akacheka. Si mtu mbaya ami yako. Ndiye aliyeingia kaburini kumpokea baba yako, na tangu siku ile hajakosa kutuulizia hali. Lakini yeye ndiye walii wako, mwenye haki ya kukuoza, na siku hiyo alikuja kama walii.

"Basi nisikilize," akasema. "Na aende. Lakini likizo ya kwanza nitamketisha hapa hapa mbele yangu. Akiwa ameisahau Yasini, au akija kichwa wazi, au akija anaitwa jina jingine, harudi tena. Namwoza. Sitaki maneno mengi."

Wanawake waliokuwapo wote wakanigeukia. Shangazi yako aliacha kumenya ndizi, kisu kikabaki hewani, anangoja kuona moto. Nami nikasema, "Nimekubali, shemeji."

Nikasikia kopo linaanguka nyuma ya mlango. Ulikuwa wewe. Na alipoondoka ukatoka, macho mekundu, ukaniambia, "Mama, umemwogopa. Kwa mkaguzi una ulimi, kwa ami huna."

Neno hilo limekaa nami tangu Ijumaa. Sasa nisikilize na mimi.

Mjomba wako Salimu hukumjua. Alikuwa kaka yangu mkubwa, na alipokuwa mtoto Wajerumani walikuwa wamefungua shule ya serikali hapa mjini. Walitaka makarani na maakida, watu wa kuwaandikia na kuwakusanyia kodi, wala hawakutaka wasomi. Usidanganyike na wanaosema shule zililetwa kwa huruma. Kila serikali iliyopita hapa imefungua shule kwa kadiri ya viti ilivyokuwa navyo maofisini, basi. Akida akapita nyumba kwa nyumba akitaka watoto. Watu wakaogopa. Wengine walisema watoto watatiwa askari, wengine wakasema watabatizwa. Unajua watu wetu walifanya nini? Hawakukataa, maana kumkataa akida ni viboko. Walitoa watoto wa watu wengine.

Babu yako alikuwa na mtoto humo nyumbani, Feruzi, mwana wa mtumwa wake wa zamani. Akamwita akida, akamwonyesha Feruzi, akasema, "Huyu ndiye mwanangu Salimu." Akaandikwa Salimu bin Kombo. Kila asubuhi Feruzi akaenda kukaa kwenye dawati la jina la kaka yangu, na kaka yangu akabaki nyumbani, na babu yako akawahadithia wenzake barazani jinsi alivyomchezea Mdachi. Nao wakacheka, kwa kuwa na wao walikuwa wamefanya hivyo hivyo.

Vita vikaja vikaisha, Mwingereza akashika nchi. Kaka yangu akakua, msomaji mzuri wa chuo cha Kurani, mwenye hati ya Kiarabu ya kupendeza kuliko yangu. Babu yako alipokufa, likatokea jambo la mpaka wa shamba letu la minazi, Salimu akaenda bomani kuandikisha dai lake. Karani amekaa mezani, kanzu nyeupe, koti juu, kalamu sikioni.

"Jina?"

"Salimu bin Kombo."

Karani akainua kichwa, akamtazama, akatabasamu. "Kaka! Hilo ni langu. Mimi nimelisomea miaka, wewe umelilalia."

Alikuwa Feruzi. Hakumfanyia ubaya. Alisimama akampa mkono, akamwandikia dai lake lote vizuri, kwa herufi za kizungu. Ilipofika mahali pa sahihi, kaka yangu akachukua kalamu ili aandike jina lake kwa herufi alizozijua. Feruzi akamshika mkono taratibu. "Hizo mimi nazisoma," akamwambia, "tulisoma mkeka mmoja. Bwana mkubwa hazisomi. Tia dole gumba."

Salimu akatia dole gumba chini ya jina lake lililoandikwa na mtu mwingine, mbele ya mtu anayeitwa kwa jina hilo. Alirudi nyumbani hakula. Mimi nilikuwa binti mdogo, nikamletea maji ya kuoshea wino, naye akasema, "Acha. Nataka baba aje auone." Marehemu hakuja kuuona. Nimeuona mimi.

Hapo ndipo hasira yangu ilipoanza. Nilikasirika kwa ajili ya nchi ambamo mtu aliyesoma tangu utotoni aliamka siku moja akaambiwa hajui kusoma, kwa kuwa tu wenye meza wamebadilisha herufi. Vyuo vyetu vilikuwepo kabla ya boma. Hakuna aliyeviandika. Misheni zikapewa ruzuku kutoka kodi yetu, kodi ile ile inayotolewa na baba mwenye mtoto chuoni, na vyuo vikapewa jina la "ujinga". Mzungu akajengewa shule yake, Mhindi yake, na mtu mweusi akaambiwa ashukuru kwa hicho kilichobaki, darasa la nne, mtihani, kisha jembe. Nikaanza kusoma kila kitu ili nipate kuwajibu. Baba yako, Mungu amrehemu, alinifundisha herufi za kizungu kwa chaki yake ya ufundi juu ya kipande cha kaniki, nami nikazimeza kama mwenye njaa. Nimesoma magazeti mpaka yaliyofungiwa karanga. Nimesoma taarifa za serikali. Nimesoma Injili, ili nibishane na katekista, na aya nyingine namkumbusha mimi.

Lakini majibu ni kitu kitamu mno, Zaina, na utamu wake ulinipofusha. Hili unalijua nusu tu.

Ulipokuwa mdogo, hujafika umri wa kuandikishwa, Mwalimu Hosea alikuja hapa kibarazani. Alikuwa kijana, Mbondei, Mkristo, mpole, amevaa suruali fupi iliyopigwa pasi vizuri, baiskeli yake ameiegemeza ukutani. Wanafunzi wangu wa Kurani wamo kwenye mkeka, na mama zao kadhaa wapo.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba. Unatafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, Mwalimu."

Aliniita Mwalimu, naye hakuna aliyemlazimisha. Akaeleza kwamba amewaomba wakubwa wake wamruhusu kufungua darasa la kwanza la wasichana hapa hapa chuoni kwangu, alasiri, baada ya Kurani. Wazazi wananiamini, hawatakuwa na hofu. Serikali italeta ubao na vitabu.

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Mimi nilimwambia, "Vizuri. Lakini kwanza sema mbele ya hawa akina mama kwamba watoto hawa wanajua kusoma. Usije ukawaandika kwamba umewakuta hawajui."

Akatazama chini. "Bi Mkubwa, mimi najua wanajua. Lakini karatasi ya serikali haina mahali pa kuandika hivyo."

"Basi katafute karatasi yenye mahali."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja akamwambia, "Mwalimu, umekutana na pilipili!" Akatabasamu, akaaga kwa adabu, akachukua baiskeli yake. Na mimi nikakaa pale nimevimba kwa furaha, nikarudia maneno yangu kwa kila aliyepita.

Darasa likafunguliwa mtaa wa Mabawa. Huko hawakumwomba atafute karatasi. Wanafunzi wangu walibaki mkekani, na wewe ukabaki nao, maana mimi na kiburi changu hatukuweza kutembea mpaka Mabawa kukuandikisha. Nilingoja aje tena aniombe. Hakuja. Mpaka baba yako alipoanza kuugua, akaniambia kitandani, "Mama Zaina, umemshinda yule kijana. Sasa mtoto amepata nini?"

Nikakushika mkono tukaenda. Umri wa kuanza ulikuwa umeshakupita. Mwalimu Hosea alitupokea mlangoni. Nilijitayarisha kwa dhihaka, nikawa na jibu tayari hata kwa dhihaka yake. Alisema tu, "Karibu, Mwalimu. Karatasi bado haina mahali." Akakuandika. Baadaye ndiye aliyekuombea uhamie shule ya hapa Ngamiani, kwenye lile pazia la magunia.

Sasa unganisha mwenyewe. Ungeanza kwa wakati, ungeshinda mtihani ukiwa bado mtoto, na ami yako asingekuwa na la kusema juu ya ungo. Mwenye duka wa Horohoro asingejua upo. Sharti lile la Ijumaa limetokana na vigelegele nilivyopigiwa hapa kibarazani.

Kwa hiyo Ijumaa nilinyamaza. Si kwamba nilikosa majibu! Nilikuwa na aya, nilikuwa na hadithi za Mtume, nilikuwa na jibu la wale wanaosema mtoto wa kike akijua kuandika atawaandikia wanaume barua, nami huwauliza, atamwandikia nani, nanyi wenyewe hamjui kusoma? Ningemshinda ami yako kabla kahawa haijapoa. Angeinuka ameshindwa, na leo usingekuwa unasukwa. Mwanamume aliyeshindwa kwa maneno mbele ya wanawake hubakiwa na kitu kimoja tu mkononi, nacho ni amri. Nilimwachia ushindi, nikabaki na ruhusa. Usidhani ilikuwa rahisi. Usiku ule nilitembea uani mpaka jogoo.

Na sikunyamaza kwa kuwa sina hofu. Ninayo, ila simwogopi yeye.

Naogopa barabara ile ya milimani, lori na kona zake. Naogopa baridi. Naogopa kengele zao. Naogopa jioni ya kwanza, mtakapopangwa mstari na mwalimu asiyekujua akasoma majina, akafika lako, akasema, hili gumu, tutakuita Suzana. Imetokea kwa mabinti wa watu, na hawakulazimishwa kwa fimbo. Waliitika mara moja kwa adabu, kisha mara ya pili kwa mazoea. Naogopa Ramadhani itakapofika nawe peke yako, na uji wa asubuhi uko mezani. Na naogopa jambo ambalo watu wa hapa hawalifikirii kabisa: kwamba utarudi na jina lako, ushungi wako na Yasini yako yote, ami yako ameridhika, lakini umefundishwa kudarizi vitambaa vya meza na kupiga pasi mashati ya mabwana. Maana ndicho wanachodhani wasichana wanakitaka. Hapo nitakuwa nimepigana miaka yote hii ili upate dole gumba lililo safi zaidi.

Mimi sijui, mwanangu. Huenda ni watu wema. Mke wa Mwalimu Hosea amesoma huko na anasema ni wema. Huenda ninatetemeka bure. Nimeyasoma mengi, lakini mahali hapo sijapaona, na kitanda utakacholalia sikijui.

Ninachokuomba ni kidogo. Likisomwa jina lako, itika wewe. Likisomwa jingine, kaa kimya, hata mara mia, hata wakikasirika. Usibishane. Umerithi ulimi wangu, nimekusikia ukiwajibu wavulana nyuma ya pazia, na najua utakavyotamani kuutumia. Utumie darasani, kwa kuuliza maswali. Kwingine kote, kabla hujajibu, jiulize alivyouliza baba yako: nikishinda, nitapata nini? Babu yako alimshinda akida. Mimi nilimshinda Mwalimu Hosea. Tazama tulichopata.

Na unisamehe kwa Ijumaa. La, sikuombi hilo. Nielewe tu.

Nimesikia kwamba huko barua za wanafunzi hufunguliwa kabla hawajapewa. Kama ningetaka uisome wewe peke yako ningeiandika kwa herufi zetu, na hapana mmoja wao ambaye angeiweza. Nimeiandika kwa herufi za kizungu kwa makusudi, tena kwa mwandiko mkubwa.

Kwa hiyo sasa nasema nanyi, Bibi Mwalimu Mkuu na walimu wenzako mnaoisoma.

Kwetu mtoto hapelekwi kwa mwalimu kama mzigo. Mzazi humleta kwa mkono wake, hulitaja jina lake kwa sauti mbele ya mkeka mzima, huutia mkono wa mtoto katika mkono wa mwalimu. Mimi ni mwalimu, nimepokea mikono mingi hivyo, na sijamrudisha mtoto hata mmoja kwa mamaye na jina ambalo hakuja nalo. Mkono wangu haufiki huko kwenu, basi karatasi hii ndiyo mkono wangu. Huyu ni Zaina binti Athumani. Nawakabidhi.

Muiteni kwa jina hilo. Mpeni pahali pa kusali na mumwache afunge. Watakapotenganishwa wa kushona na wa kusoma, msimpeleke kwenye sindano. Mfundisheni hesabu, ile ile wanayofundishwa wavulana, mpaka mwisho wake. Mkiyatimiza hayo, ami yake mwachieni mimi. Msipoyatimiza, likizo ya kwanza mtoto huyu ataketishwa chini nyumbani kwake, ataonekana amepungua, na ataozwa. Mwaka utakaofuata bwana mkaguzi atasimama tena kivulini aseme wazazi wa pwani hawaitaki elimu, na safari hiyo mtajua nani aliyemsaidia kusema uongo.

Mkiisha kuisoma, ikunjeni kama ilivyokuwa, mumpe mwenyewe.

Mamako,
Mwanakombo binti Kombo
Ngamiani, Tanga